Ugali Ndani ya Mstari wa Chaki

Juzi Msamvu, kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, nilimkuta mama mmoja anasonga ugali bila moto, bila sufuria wala unga. Alisimama ndani ya chumba kilichochorwa sakafuni kwa chaki, kipimo kilekile cha kirikuu yake, kile kigari cha mizigo anachotaka kukigeuza jiko la kuuzia chakula Mazimbu. Mwiko tu ndio uliokuwa wa kweli.

"Sinki hapa, gesi pale, kabati la sahani chini," fundi alimwonyesha, chaki sikioni.

Mama akaendelea kusonga. Ugali ulipoanza kukaza, kiwiko kikavuka mstari.

"Mama, umeshatoka nje ya gari," fundi akasema. "Achana na ugali, uza chipsi."

"Chipsi zimejaa kule, fundi. Wanafunzi wanatafuta ugali." Akasonga tena kwa nguvu zaidi, kiwiko kikavuka palepale. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Basi hapo kata dirisha."

"La wateja?"

"La kiwiko. Wateja tutawatafutia nafasi itakayobaki."

Fundi akapiga magoti, akafuta, akachora upya. Sisi watazamaji tukapiga makofi.

Nilirudi nyumbani nimechangamka, nikashika mwiko, nikajaribu kusonga jikoni kwetu. Kiwiko kikagonga friji. Jiko lile nililipanga mimi. Anayesonga humo miaka yote ni mke wangu. Aliniona nasugua kiwiko. Alikunja mkono wa gauni, akanionyesha cha kwake, chenye sugu.