Kidole Chini ya Futi

Kliniki ya mgongo ilikuwa na vyumba vitatu, na cha katikati kilikuwa cha Mama Futi. Ndani yake mlikuwa na kitanda chembamba, pazia la kijani alilolishona mwenyewe, meza, na daftari kubwa. Ukutani zilining'inia futi tatu laini, zile za mafundi cherehani. Kila Jumatatu alizilaza zote juu ya rula ya chuma, na iliyorefuka hata kwa upana wa uzi aliikata vipande kabla ya kuitupa. Hakutaka mtu aiokote akaenda kudanganyika nayo kwingine.

Alikuwa anakaribia miaka hamsini na mitano, na ishirini na miwili ya hiyo aliitumia nyuma ya cherehani. Kliniki aliijia kwa kazi ya kushona mashuka na magauni ya wagonjwa. Akabakishwa na daktari wa pale, mwanamke wa maneno machache, aliyekuwa anafanya utafiti juu ya ugonjwa mmoja wa uti wa mgongo. Ugonjwa wenyewe hautokani na kubeba mizigo wala uzee. Huwaanza watu wakiwa bado na nguvu zao: viungo huvimba kwa ndani, na miaka ikipita bila tiba, pingili huweza kushikana moja na nyingine mpaka mgongo ukakauka kama mwanzi. Tabia yake ni kinyume cha magonjwa mengine ya mgongo. Kupumzika huuzidisha, kutembea huupunguza. Mgonjwa huamka amekakamaa kama ubao, ikifika adhuhuri anainama na kuinuka kama wenzake, na walimwengu wakimtazama wanasema lao.

Daktari alihitaji mtu wa kupima. Wauguzi walikuwa na haraka. Mmoja aliandika tano, mwingine, kwa mgonjwa yuleyule, akaandika saba. Siku moja alimkuta mshonaji wake akimpima mtu mabega, akamuuliza kama angeweza kujifunza kupima mgongo.

"Daktari," alijibu, "nguo inalala wapi kama si mgongoni? Migongo niliyoipima mimi, wewe bado hujaifikia nusu."

Akafundishwa wiki tatu, akakabidhiwa daftari, na jina la Mama Futi likamganda.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Mgonjwa anasimama wima, mgongo wazi. Chini ya kiuno kuna vishimo viwili. Hapo unatia alama ya kalamu, unapanda sentimita kumi kwa rula, unatia ya pili. Kisha mgonjwa anainama, magoti yamenyooka, kama anayeokota sindano sakafuni. Ngozi inavutika na alama zinaachana. Mgongo mzima huongeza sentimita tano au zaidi. Katika utafiti ule, asiyefika tano aliandikiwa picha ya ile mashine kubwa ya sumaku inayoona ndani ya mwili, ambayo kliniki ilipewa nafasi nne tu kwa mwezi. Aliyevuka tano alishukuriwa akarudi nyumbani na karatasi yake. Mlango wa utafiti ulikuwa futi, na bawabu alikuwa yeye. Kazi hiyo aliipenda, na tuseme ukweli, alijivunia.

Asubuhi moja aliingia fundi rangi wa miaka ishirini na tisa, akifuatana na kaka yake, mkandarasi wa nyumba ambaye ndiye aliyempa kazi. Kaka mtu alianza kusema kabla ya kuketi.

"Huyu ni mdogo wangu, mama. Wenzake saa moja wako juu ya ngazi, yeye saa tatu ndiyo kwanza anajikokota. Ikifika saa sita anapaka dari kama mashine. Nieleze, ni ugonjwa gani huo unaojua kusoma saa?"

"Kaka, nikikuazima mgongo huu usiku mmoja tu," fundi rangi alisema akivua shati polepole, "asubuhi utanirudishia mwenyewe, na shukrani juu."

"Uniazime uvivu? Ninao wangu wa kunitosha."

"Wa kwako umeupaka rangi, hauonekani."

Mama Futi aliwaambia wanyamaze. Akatia alama, akamwinamisha, akalaza futi toka alama hadi alama, akasoma mara mbili kama alivyofundishwa. Tano na nukta tatu. Akaandika. Akawaeleza kwamba kwa kipimo kile hakuna picha, na kwamba angeweza kwenda zahanati ya kawaida akapewe dawa ya maumivu.

Kaka mtu alichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni kama hati ya shamba. "Si nilisema," akasema.

Fundi rangi alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja. "Ahsante, mama," alisema. "Angalau nimepimwa."

Wiki saba zikapita. Jumamosi moja, wifi yake Mama Futi, dada wa mumewe, alikuja nyumbani kushonewa gauni. Walikuwa watu wa kutaniana tangu siku ya ndoa, na hakuna aliyewahi kumwachia mwenzake neno la mwisho.

"Wifi, unanibana," alisema mgeni. "Kiuno hiki kinahitaji hewa."

"Kiuno hicho kinahitaji kiwanja. Hewa nimekupa. Kidole si hiki hapa chini ya futi? Tunakiita kidole cha pumzi. Aliyenifundisha kushona alinipiga mkono kwa rula mpaka nikazoea kukiweka. Sasa siku hizi kinajiingiza chenyewe, hata sikitumi."

"Na huko kliniki je? Wagonjwa nao unawawekea pumzi, au unawashonea magauni mgongoni?"

Alisema kwa utani, naye akacheka. Mama Futi hakucheka. Aliutazama mkono wake. Kidole cha shahada kilikuwa kimelala chini ya futi, kimetulia.

"Inama," alisema.

"Niiname tena? Gauni la wapi hilo?"

"Inama, wifi, nakuomba."

Akatia alama mbili. Akapima kama alivyozoea, bila kuushurutisha mkono: sita na nukta moja. Akapima tena, safari hii ameukunja mkono na kidole amekiweka mbali: tano na nukta sita. Alirudia mara tatu, mpaka wifi yake akalalamika kwamba damu yote imeshuka kichwani. Tofauti haikuondoka. Ilikuwa nusu sentimita.

Aliketi akamweleza kila kitu. Wifi alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Nusu sentimita, hata mchwa hapiti hapo. Funika kombe mwanaharamu apite. Kuanzia Jumatatu kiondoe hicho kidole, yaishe. Nani atajua?"

"Waliofungiwa mlango hawatajua. Ndilo tatizo lenyewe."

"Na wakikufukuza? Utarudi kukunja pindo za suruali kwa macho hayo?"

"Kama ni pindo, nitakunja pindo."

Wako watu wengi, tena wenye heshima zao, wanaorekebisha kosa kuanzia kesho na kuiita hiyo toba. Lakini kosa halikuanza kesho. Lilianza nyuma, na huko nyuma kuna watu limewakalia. Mama Futi hakusoma sana, lakini hilo alilijua.

Jumatatu alifika kabla ya mfagiaji. Alifungua daftari ukurasa wa kwanza akaja nao mpaka wa mwisho, miezi kumi na minne, akitafuta kila mtu aliyerudishwa akiwa kati ya tano na tano na nusu. Aliwapata wanne. Aliandika majina yao kwenye karatasi, akaenda kusimama mlangoni kwa daktari.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba futi, akapima kwanza urefu wa meza na kidole chini yake, halafu bila kidole, kama mtu asiyetaka kuamini.

"Walioingia kwenye utafiti," aliuliza, "wote umewapima wewe?"

"Wote. Mwanzo mpaka leo, kwa mkono huuhuu."

"Basi mabadiliko yao tunaweza kuyatumia kwa uangalifu, kosa ni lilelile kila mara. Nitaliandika kwenye ripoti kama lilivyo. Lakini wewe hutapima tena mpaka ufundishwe upya na ukaguliwe. Hata kama ni miezi mitatu."

"Ni haki. Andika kwamba ni mimi."

"Hatuandiki nani. Tunaandika nini."

"Basi hawa wanne nitawaambia mwenyewe kwamba ni nani."

Wa kwanza alikuwa amehama, na nambari yake ya simu ilipokelewa na mtu asiyemjua. Wa pili alisema ameshapimwa na hana muda wa kuchezewa mgongo mara mbili. Akakata simu, na huwezi kumlaumu. Wa tatu alirudi, akapigwa picha, ikaonekana safi. Wa nne alikuwa fundi rangi, na nambari iliyoandikwa ilikuwa ya kaka yake.

"Karatasi yako ninayo hapa, mama," kaka alisema kwenye simu. "Ilisema mzima."

"Karatasi ilikosea."

"Karatasi inakosea vipi?"

"Aliyeiandika alikosea. Niambie mlipo, nakuja."

Walikuwa wanajenga ghala la orofa mbili. Alimkuta kaka mtu getini, akamuuliza mdogo wake yuko juu ya ngazi ipi. Kaka akaonyesha kibanda cha mabati. Baada ya kupata ile karatasi alimwondoa kwenye rangi, akamweka kulinda saruji, akae kwenye kigoda kutwa nzima mpaka ajifunze adabu ya kuamka.

Fundi rangi alipomwona mgeni alijaribu kusimama. Aliinuka kwa vituo, kama mtu anayefungua kitanda cha kukunja kilichoota kutu: kwanza mikono magotini, halafu kiuno, halafu akasita, halafu mabega. Shingo ilibaki nyuma ya safari. Mama Futi aliyatazama yote hayo na hakugeuza uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwako na kosa langu. Siku ile nilikupima vibaya." Akakiinua kidole. "Hiki nilikiweka chini ya futi, kwa mazoea ya kushona. Kilikuongezea nusu sentimita ambayo si yako. Kwa kipimo cha haki ulistahili picha. Nilikunyima. Naomba unisamehe, na naomba urudi."

Fundi rangi alikitazama kile kidole kwa muda. "Kwa hiyo aliyekuwa mzima siku ile ni kidole," alisema, "si mimi."

"Ndiyo."

"Kina bahati."

Kaka mtu alikuwa anakitazama kigoda.

Alhamisi walirudi kliniki wote wawili. Safari hii alipima muuguzi mkuu, Mama Futi akiwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Nne na nukta sita. Siku sita baadaye fundi rangi akalazwa ndani ya mashine ya sumaku. Walimwambia alale bila kutikisika kwa muda wa nusu saa na zaidi, naye akawajibu kwamba wamemchagulia kazi ngumu kuliko zote duniani. Alipotolewa walihitajika watu wawili kumwinua.

Daktari aliwaita akaweka picha mezani. Aliwaonyesha pale mfupa wa nyonga unapokutana na uti wa mgongo, kulia na kushoto, na kwenye pande zote mbili palikuwa na weupe usiotakiwa. Huo ulikuwa uvimbe. Akaeleza kwa utaratibu: ugonjwa huu hauondoki kabisa, lakini hupunguzwa makali, kuna dawa, na kuna mazoezi ya kila siku ambayo ni sehemu ya dawa na si ya hiari, na pingili zake bado hazijashikana. Angeingia kwenye utafiti na kufuatiliwa kila mwezi.

"Kukaa kwenye kigoda je?" kaka mtu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kukaa siku nzima? Kwa mgongo huu ni vibaya kuliko kupaka dari."

"Nilimkalisha wiki saba."

Daktari hakumfariji wala hakumkaripia. "Zisiwe nane," alisema.

Fundi rangi alikuwa bado anaitazama picha. "Daktari, kwa hiyo huu si uvivu."

"Hapana. Uvivu hautoki kwenye picha. Huu umetoka."

Aliitikia kwa kichwa, kadiri shingo ilivyomruhusu. Hakuonekana kufurahi wala kuhuzunika. Alionekana kama mtu aliyeteremshiwa mzigo na bado hajajua aiweke wapi mikono yake.

Daktari alitoka kwenda kuandika dawa. Mama Futi alibaki mlangoni. Kaka mtu alikaa, kofia yake ya kazi mapajani, kisha akauliza bila kuinua macho:

"Asubuhi, mpaka mgongo uachie, inakuchukua muda gani?"

"Masaa mawili. Siku mbaya, matatu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia, kaka. Mara nyingi."

Kaka mtu aliiweka kofia sakafuni, akakivuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Niambie tena," alisema.