Bei ya Mkwe Haiingii Daftarini

Feri imekwisha kuacha gati ya Kamanga na Mwanza iko mbele. Paskazia Chenge ameketi na daftari mapajani, kando ya Mama Odeta, mwenye kiwanda kidogo cha minofu ya sangara.

Ojwang, mnunuzi wa minofu yake, anakuja akitafuta pa kukaa. Anamwona Mama Odeta. Anavua kofia, anageuka, anakwenda kusimama nyuma ya lori la pamba.

"Mama, mbona anakukimbia? Unamdai?"

"Nimdai nini? Ni mkwe wangu, kamwoa binti yangu Agutu. Ulitaka tukae bega kwa bega kama tunakwenda dansi?"

"Na bei mnapatana vipi?"

"Mkwe habishani nami. Namtuma mtu, nataja bei ya kutunza nyumba ya mwanangu, basi."

Paskazia hacheki. Bei hiyo ameiandika jana kwa mkono wake.

Ni mwaka 1997. Paskazia, miaka 38, mzaliwa wa Kisesa, alipima samaki mwaloni, wavuvi wanaposhushia mitumbwi, miaka tisa kabla ya kuchukuliwa karani wa majaribio na kiwanda kimoja mjini, kwa shilingi 62,000 kwa mwezi. Kiwanda hicho kinaiuzia minofu kampuni ya Ulaya, na mwenye vyote viwili ni mmoja.

Ofisi ya kodi imeuliza: bei mnayouziana wenyewe kwa wenyewe, mtu baki angeipata? Maana ukijiuzia rahisi, faida inahamia Ulaya, na kodi inaifuata.

Mhasibu, Bwana Machibya, alimpa kitabu kizito na wiki sita. Ajifunze, atafute bei za watu wasiohusiana, alinganishe. Akishindwa, kazi basi.

"Kitabu kilinipiga chenga," anasema. "Mpaka nikakumbuka mwaloni. Ukitaka bei ya kweli humwulizi shemeji wa mvuvi. Unamwuliza mgeni, samaki wa namna ileile, siku ileile."

Alipata bei tano. Nne zilikuwa kati ya shilingi 1,650 na 1,800 kwa kilo. Ya tano, ya Mama Odeta kwa Ojwang, 1,430. Kiwanda cha kina Paskazia kinaiuzia kampuni ya Ulaya kwa 1,450. Ikiwamo hiyo ya tano, kiwanda kimo kundini. Ikitoka, kiko nje peke yake.

Alipofika ofisini aliikata kwa kalamu mbele ya Bwana Machibya.

"Paskazia, una wazimu? Nani huko kwenye kodi anamjua mkwe wa Mama Odeta?"

"Mimi namjua, mzee. Tunaulizwa kama tunauziana kindugu, halafu shahidi wetu awe mtu na mkwewe?"

Bwana Machibya alicheka mpaka akavua miwani. Jioni alitia sahihi bei nne.

Kiwanda kililipa nyongeza ya kodi, na bei ya Ulaya ikapandishwa. Mkurugenzi hakumwambia mtu asante. Bwana Machibya amehamia Dar es Salaam. Mama Odeta anauza kwa bei ileile, na Agutu amejifungua mapacha. Ojwang bado anasafiri nyuma ya malori.

Paskazia aliajiriwa, kwa mshahara uleule. Anasoma uhasibu kwa posta na anatumaini kufanya mtihani Novemba. Daftarini, kabla ya safu ya bei, ameongeza safu nyingine: mnunuzi ameoa wapi.