Mayai ya Samoni Chumbani Karama

"Mtoto wa Dubai samaki anamjua kwenye sahani tu! Huyo hawezi kuvua hata kambare aliyelala." Baba mdogo alisema hayo kwa simu kutoka Nyeri, nyumba nzima ikisikia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na Agosti hiyo tulikuwa tunakwenda likizo nyumbani, kwenye bwawa la babu lenye trauti. Nikaapa kumnyamazisha.

Baba alikuwa mpishi hotelini, Bur Dubai. Samoni wakipasuliwa mayai yao hutupwa, kwa hiyo mkubwa wake akamruhusu kuyachukua yawe chambo changu. Chumba chetu cha kupanga mtaani Karama kikajaa harufu ya bahari. Baba alinielekeza: yatie chumvi na sukari, yakauke penye ubaridi, kisha yafunge mafundo madogo ndani ya kitambaa chepesi, hapo ndipo chambo hudumu kwenye ndoana. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikayaosha kwanza kwenye bomba. Mchana wa Agosti, na tangi liko juu ya paa, maji yakatoka ya moto! Mayai mekundu yakageuka meupe mikononi mwangu.

"Umeyapika, bwana!" Baba alicheka hadi akakaa kitandani. "Khalas, basi, lete mkate tuyale."

Mimi sikucheka. Safari ilikuwa imebaki siku nne. Kesho yake Baba akaleta fungu jingine, la mwisho, na hilo sikuligusisha maji kabisa. Friji yetu ilikuwa imejaa, nikamwomba Auntie Nakato, Mganda mwenye kazi ya ulinzi aliyekaa chumba cha pili, anikopeshe rafu moja ya friji yake.

"Yakinuka kwenye maziwa yangu, chambo utakuwa wewe," akaniambia.

Bi Zuhura, Mzanzibari wa ghorofa ya chini, alinikatia kipande cha shela yake kuukuu. "Yaani shela yangu inakwenda kuogelea Kenya?"

Ilikwenda, na ikavua trauti sita. Baba mdogo na minyoo yake alipata mmoja, akaukunja mshipi.

Leo nimerudi Nyeri moja kwa moja. Nina stashahada ya ufugaji wa samaki na mabwawa matatu niliyoyachimba kwa jasho langu, na wanaokuja kujifunza kwangu wananiita mwalimu. Walimu wangu mimi walikuwa Karama. Tuliporudi kutoka likizo ile na trauti wa kukaushwa kwa moshi, niliisugua rafu ya Auntie Nakato ikang'aa, nikamwekea wawili. Bi Zuhura nikampelekea mkubwa kuliko wote. Akamnusa, akanishika shavu.

"Hatudaiani tena, mwanangu."

Nikapanda ngazi mbilimbili.