Mke Mwenza wa Kikapuni

Nyamizi aliuza kuku kwenye gulio la Ushirombo miaka mingi, na hakuna aliyeweza kumshusha bei. Nilinunua kwake, najua. Lakini nyumbani kwake kuku hakuliwa. Mumewe, Makoye, alikuwa mgoyangi, yaani mcheza nyoka, na kila jogoo aliyenona alikwenda kwa chatu wake aliyelala kwenye kikapu kikubwa pembeni mwa kitanda. Nyamizi na binti yao Salvina walikula ugali kwa mlenda.

"Mkeo mdogo kashiba?" wanawake walimtania Makoye kisimani. Alicheka. Nyamizi hakucheka.

Mwaka 1974 walipohamishiwa kijiji kipya, chatu alipata nafasi yake peke yake kwenye lori, maana nani angemkaribia? Nyamizi alisimama njia nzima. Aliposhuka alitamka mbele ya watu: "Huyu iko siku nitamtilia sumu."

Maneno hayo yakamrudia. Baada ya mavuno, ngoma imekolea, Makoye amejivika chatu shingoni, mnyama akatapika. Kuku aliyemezwa akatoka na manyoya yake, na pamoja naye minyoo myeupe, mirefu kama shibiri, ikijikunja vumbini. Kundi pinzani la ngoma, lililokuwa likishindana na la Makoye, likazomea, na watazamaji wote wakahamia kwao.

"Umemroga, Mama Salvina," Makoye alisema walipofika nyumbani. "Akifa unarudi kwa baba yako, na ng'ombe wangu wa mahari wanarudi."

"Kuku ninaowapasulia wateja kila gulio wana minyoo. Nao nimewaroga?"

"Kuku ni kuku. Nyoka hana minyoo."

Nyamizi alijua kwamba katika kijiji jirani mtu mmoja, Eustace, alikuwa ameua chatu wa porini asubuhi ile, baada ya chatu huyo kummezea mbuzi wake. Akamwendea Mabula, mkuu wa wagoyangi, ambaye Makoye hakuthubutu kumpinga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," Mabula aliitikia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Makoye anasema nimemroga chatu wake. Wa Eustace sijawahi hata kumtia machoni. Twende tukampasue. Tumbo likiwa safi, kesho naondoka mwenyewe, ng'ombe muwachukue."

"Na likiwa na minyoo?"

"Kuna jogoo mwekundu Makoye kamnunulia yule wa kikapuni. Nimle mimi."

Mabula alicheka mpaka akakohoa. "Mayu, ndoa nzima unaiweka kwa jogoo?"

"Wewe una wake wawili, baba. Kawaulize."

Kwa Eustace, Mabula mwenyewe alimpasua chatu, Makoye akiwa amesimama kando akitazama. Chini ya mabaki ya mbuzi ilikuwamo minyoo ile ile, fungu zima, vichwa vimezama kwenye ukuta wa tumbo kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Makoye alichokoa mmoja kwa kijiti. Haukung'oka.

"Na huyu alirogwa na nani?" Mabula aliuliza. "Mbuzi?"

Jioni Nyamizi alimpika jogoo. Alimpa Salvina paja, kisha akajivutia kigoda karibu kabisa na kikapu na kula polepole, akivunja mifupa kwa meno. Makoye alingoja. Mwishowe akasema kwa upole, "Mama Salvina, nibakizie japo kichwa, nimpe mwenzio. Amekonda."

Nyamizi akakitia kichwa mdomoni.

"Mwambie," alisema, "leo ni zamu yangu."