Msiba Usio na Kuni

Kokushubila alizaliwa na ubishi, na hakuwahi kuona sababu ya kuuficha. Mjane wa miaka hamsini na minane, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, aliishi na mama mkwe wake Judica kwenye kibanja cha marehemu mumewe, mwendo wa nusu saa kutoka Rubya. Chini ya migomba palikuwa na chemchemi, na kuizunguka ilisimama miti saba ya mihumula, minene, ambayo kila mpita njia aliitazama na kuwaza magunia ya mkaa.

Kilima chote cha jirani kilikuwa kimebaki kipara. Mkaa ulikwenda Bukoba mjini, magogo yalichoma matofali, na kilichosalia kililiwa na misiba. Kikundi chao cha kufa na kuzikana kilikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: akifa mtu, kila nyumba ilete mzigo wa kuni. Moto wa wanaume uwake uani siku nne, na masufuria ya ndizi na maharage yakae kwenye mafiga kutwa. Msiba wenye moto mdogo ulihesabiwa kuwa aibu.

Mwaka jana Kokushubila alisimama mkutanini. Asubuhi ile redio ilikuwa imesema kwamba dunia nzima inataka nishati zaidi kila mwaka, na haijulikani itatoka wapi.

"Dunia ndiyo kwanza inashtuka," alisema. "Sisi tumeshafika huko. Kilima kimekwisha! Tuloweke maharage, tujenge majiko ya udongo, tuchome maganda ya kahawa. Na huo moto wa uani, kwani marehemu anasikia baridi?"

Hilo la mwisho liliharibu yote. Watu waliguna, na Karugendo, mwenyekiti, akauliza kama wageni sasa watapikiwa kwa takataka. Wakacheka mpaka akakaa. Msiba uliofuata alipeleka gunia la maganda badala ya kuni, wakamrudishia mlangoni. Alipofanya hivyo mara ya tatu, walilifuta jina lake kikundini.

Iliuma. Na iliuma zaidi kwa sababu Judica, mwenye miaka tisini, alikuwa haamki tena kitandani, na hofu yake ilikuwa moja tu: kubebwa kwenda kaburini na vibarua.

"Nimewazikia wazazi wao hawa wote," alisema bibi. "Mimi nitabebwa na nani?"

"Watakuja, Mama," alijibu Kokushubila, huku moyoni hajui ni akina nani.

Judica alikata roho alfajiri, mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika kasi. Saa tatu asubuhi Karugendo alikuwa uani, kofia mkononi.

"Pole sana, Mama Kamala."

"Asante, Mwenyekiti."

"Watu wako tayari. Angusha muhumula mmoja, mmoja tu, tuyasahau yaliyopita. Bibi yetu hastahili kuzikwa kinyonge."

Hapo alikuwa amesema kweli, na Kokushubila alijua. Hata Kamala, mwanawe, alikuwa amepiga simu kutoka Buhembe kabla ya kupanda basi: Mama, kata. Karibu akubali. Kisha macho yake yakaangukia ndoo iliyokuwa mlangoni.

"Maji ya kumwosha nimeyachota chini ya miti hiyo," alisema. "Sikati."

Aliingia ndani, akatoka na jembe, akaenda pale alipolala mumewe na kuanza kuchimba. Huku kwao mwanamke hachimbi kaburi. Karugendo alishika kichwa.

"Mama Kamala, unatutafutia laana!"

"Basi nipokee."

Hakupokea. Aliondoka. Kokushubila akachimba peke yake, udongo mzito, akilia kwa hasira na kuwataja wote kwa majina. Shimo lilikuwa limemfika magotini aliposikia vishindo. Alikuwa jirani yake Annastella, ndoo ya maji kichwani, na nyuma yake wanawake kama kumi na wawili, kila mmoja na ndoo yake.

"Kuni sina," alisema Annastella hata kabla ya kutoa pole. "Na wenzangu hawana, tulikuwa tunaficha. Lakini chemchemi yako haijawahi kutunyima maji. Niyaweke wapi?"

Kokushubila akaonyesha jikoni, kwenye jiko la udongo na magunia yaliyokataliwa.

Habari kwamba mwanamke yuko kaburini na jembe ilifika haraka, na waume zao hawakuweza kukaa nyumbani. Walikuja wawili, wakaja wanane. Wa mwisho alikuwa Karugendo. Alinyoosha mkono bila kumtazama usoni.

"Leta jembe."

Mchana walikula maharage yaliyoiva vizuri, na mwenyekiti aliongeza sahani. Saa kumi wanaume walimbeba Judica, wakisukumana kupata zamu ya bega. Kokushubila alifuata jeneza na Kamala, viganja vimechubuka, akisema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Umewaona, Mama? Na miti yote saba imesimama."