Mwenye Kitambaa Cheupe

Kila asubuhi msimamizi wa karakana huingia na ovaroli iliyopigwa pasi na kitambaa cheupe mkononi, na fundi wa boila, mama aliyezeekea kwenye masizi, humtazama kwa jicho la pembeni. Garimoshi lao la mvuke ni la ajabu: injini mbili chini ya boila moja, nalo hujipinda katikati ili lipite kona kali za reli nyembamba. Bwana huyu hajipindi. Miaka sita hajaingia chini yake hata siku moja. Hupangusa shaba, hupangusa kengele, kisha huwaambia wageni, "Tumelifufua jamani, kazi haikuwa ndogo," kwa sauti ya mtu aliyetokwa jasho, ilhali kucha zake hazijui grisi.

Adui yake ni tone. Pale katikati, kiungo cha bomba la mvuke hudondosha maji, naye hukifuta kama mlezi anayemfuta mtoto kamasi.

"Kiache, bosi," mama alimwambia. "Lazima kivuje kidogo. Ukikikaza, garimoshi halitapinda."

"Mama, wageni watasema tumelipua kazi!"

Siku ya majaribio, mama alipokwenda kunawa, bwana akapiga goti kwa mara ya kwanza, akakikaza kiungo kwa spana mpaka mwisho. Kona ya kwanza tu, magurudumu ya mbele yakaacha reli yakachimba kokoto. Wageni waliokuwa wamepanda wakashuka mmoja mmoja. Yeye akainama, akapitisha kitambaa chini ya kiungo, akamwonyesha mama.

"Umeona? Kikavu."