Hodi ya Bombani

Fundi aliyetuwekea bomba la moshi haamini kipimo chochote chenye betri. Kila kiungo hukipapasa kwa kidole gumba, macho kafumba, kama anayetafuta jino bovu, kisha huguna na kuhamia kingine. Jiko letu la kupasha nyumba joto liko sebuleni. Bomba linapita ukutani, nyuma ya kabati lililo chumbani kwa bibi, mpaka juu ya paa. Alipomaliza kuliunga tukadhani atawasha moto. Wapi. Alipanda paani, akaingiza uso bombani, akaita kwa upole, “Hodi.” Akangoja. “Hodi humu.” Mama akaniangalia, mimi nikaangalia dari.

Ndipo bibi, ambaye hasikii mpaka umsemee sikioni, akaitika kutoka chumbani kwake, “Karibu, mwanangu.” Fundi alishuka ngazi mbiombio. “Huyo aliyeitika analala wapi? Sauti ikipita, na moshi unapita.” Akasukuma kabati, na kidole gumba chake kikazama kwenye ufa, mkabala na mto wa bibi. Mama alikaa kitandani, akayatazama madirisha. Bibi hulala madirisha yote kayafunga. Fundi akaziba ufa, akapanda tena, akabisha hodi mara tatu. Kimya. “Sasa washeni,” akasema.

Tangu hapo tunaota moto kwa raha zetu, ila bibi kanuna. Anasema yule mgeni wa ukutani hana adabu: anabisha hodi, anakaribishwa, halafu haingii.